Hesabu ya Usiku

Tuna dakika arobaini na tano.
Ndio urefu wa somo la kuogelea,
na nyuma ya kioo Nanw, kofia ya rangi ya chungwa kichwani,
anayapiga maji mateke kana kwamba yamemtukana.

Luned amekaa na koti lake, hajafungua hata kifungo.
Mkahawa wa bwawa unanuka klorini na viazi vya kukaanga.
Nje, Holyhead yote imelowa. Feri ya Dublin inapiga honi,
feri yangu, leo inapakia malori bila mimi.

Mimi nimekuja na karatasi moja. Yeye kaja na daftari,
lile lile tulilokuwa tukiandikia vitu vya dukani;
kurasa za mbele zina mwandiko wangu bado:
vitunguu, sabuni, balbu mbili.
Amelipindua, akaanzia nyuma.

"Viatu," anasoma. "Tangu Septemba, jozi tatu.
Miguu yake haina habari kwamba tumeachana."

Nataja kiasi changu: mia mbili na arobaini kwa mwezi.
Habishi. Anaandika, anapiga mstari chini yake,
anauliza kama najua klarineti hukodishwa kwa bei gani.
Sijui.
Sikujua hata kuwa ni klarineti;
mwaka mzima nimekuwa nikiiita filimbi.

Kutoa ni moyo, wasema waliotangulia. Sawa.
Lakini bili ya gesi haisomi moyo, inasoma mita.

Ndipo natoa turufu yangu.
"Nitamchukua na Jumatano," nasema,
kwa sauti niliyoifanyia mazoezi garini, sauti ya baba mwema.
Mwaka una Jumatano hamsini na mbili.
Tudur wa zamu yangu ndiye aliyenifunza,
tukifunga minyororo kwenye magurudumu ya lori:
ukifikisha usiku hamsini na mbili, unakatiwa fungu moja la saba.
Aliniambia kwa kunong'ona,
kama mtu anayekuelekeza duka lililoshusha bei.

Luned anaweka kalamu chini.
"Jumatano unaondoka na feri ya saa nane usiku.
Nani atakuwa naye?"
Kimya.
"Na mswaki wake uko wapi kwako, Gethin?
Rangi gani?"

Nageukia kioo.
Nanw ameshika ukingo wa bwawa, anahema,
anamsikiliza mwalimu kwa makini ya mtu mzima.
Usiku wake, mmoja mmoja, nimeupanga mezani
kama mzigo unaopelekwa kwenye mizani,
nikitafuta ni upi utanipunguzia.
Chai yangu imeota utando. Nainywa hivyo hivyo.

"Futa Jumatano," namwambia.

Hatukukumbatiana. Wala hakuna aliyelia.
Tulivutana tena kidogo kuhusu likizo ya Agosti,
akanikumbusha Pasaka, nikamkumbusha bima ya gari,
tukarudi kwenye namba kama watu wanaorudi kazini:
mia tatu na kumi, kila tarehe ishirini na tisa,
siku moja baada ya mshahara, kabla pesa haijanizoea.
Klarineti nusu kwa nusu.
Viatu ni juu yangu, lakini si kwa kutuma hela:
nimpeleke mwenyewe, nipige goti dukani,
niubonyeze kwa kidole ule mwanya wa mbele.
Hilo la goti aliliandika. Nikatia sahihi.

Nanw anatoka, nywele zikichuruzika, taulo shingoni,
anataka pauni moja ya mashine ya chokoleti.
Tunajipapasa mifukoni, wote wawili kwa pamoja.
Baada ya hesabu yote ile, hatuna hata sarafu.

"Mlikuwa mnaandika nini?"
"Viatu," Luned anasema.
Naye anainua mguu wake uliolowa juu ya kiti,
kati yetu,
tuuone.